Chai ya Saa Nne Iliyofanya Watu Wafunge

Kijiwe chetu ni benchi moja refu na viti viwili vya plastiki, vyote vimejibanza nyuma ya jiwe kubwa ambalo mafundi wa barabara walishindwa kulivunja, wakaamua kulizunguka. Jiwe hilo linatukinga na upepo wa mwezi wa saba, ule unaotoka upande wa ziwa na kupenya hadi ndani ya koti. Mbele yetu, ng'ambo ya barabara, kuna geti la bluu la kiwanda cha Rahimu cha kukamua alizeti. Msimu ukichanganya kama sasa, magunia hupangwa hadi nje ya ukuta, na harufu ya mashudu ya moto hutufikia kabla ya harufu ya kahawa. Kahawa anapika Othmani, mtu wa maneno machache. Kashata na vitumbua ni vya Mwanvua, ambaye sote tunamwita Mama Sinia. Anayelipa ni Rahimu. Hakuna aliyewahi kupanga iwe hivyo. Alianza mwenyewe mwaka aliofungua kiwanda, na hakuna aliyemkataza.

Alhamisi hiyo Rahimu alivuka barabara mapema kuliko kawaida. Alimpa Mzee Naftali shikamoo yake, akapokea kikombe, akakishika tu. Mzee Naftali ni mstaafu wa halmashauri, na kwa kuwa miaka yake yote ya kazi ilipita akiandaa vikao, jina lake hapa ni Mkutano. Mwingine aliyekuwepo ni Luqmani, dereva wa bodaboda. Huyo anaitwa Breki, kwa sababu akianza kuongea hana.

— Bosi, kahawa inapoa, alisema Breki.

— Dina anaondoka, alisema Rahimu.

Dina ndiye fundi wa mashine pale kiwandani. Yeye ndiye anayeiwasha asubuhi na kuilaza jioni, na ikikohoa katikati ya kazi, wengine wote hurudi nyuma hatua moja wakamwachia nafasi. Rahimu alitueleza kwamba kuna kiwanda kipya kimefunguliwa Ikungi, nao wamemwita. Leo mchana atarudisha funguo. Alikwisha kumwongezea mshahara, akakataa. Alimwuliza kama kuna aliyemkosea, akajibu hapana, akaendelea kufuta mikono yake kwa kitambaa.

— Na si Dina peke yake, alisema Rahimu. Watu wangu wamekuwa kama wamemeza kufuli. Mwezi uliopita mafuta yalitoka na harufu ya ukungu. Nimejulia wapi? Kwa mama lishe aliyerudisha dumu. Zamu nzima ilisimama pale, ikanusa, ikafunga vifuniko. Hakuna aliyeniambia.

Mzee Naftali alikohoa kidogo, akauliza kama ile chai bado ipo.

Chai yenyewe ilikuwa wazo lake. Ilikuwa baada ya Idi, hapa hapa kwenye benchi, alipomshauri Rahimu kwamba mahali pa kazi penye afya ni pale ambapo bosi na mpagazi wanakunywa chai moja. Rahimu alilipenda wazo hilo. Alinunua vikombe, akatafuta mtu wa kupika chapati, akatangaza kwamba kila siku saa nne kamili kazi itasimama na wote watakaa mbele ya ofisi yake kama familia. Na kwa kuwa wote wangekuwa wamekaa, aliona ni nafasi nzuri ya kutaja makosa ya jana na wenye makosa yao, ili pasiwe na majungu. Kila kitu kisemwe mezani.

— Ipo, alisema Rahimu. Ila wanywaji wamepungua. Watu wangu siku hizi ni wacha Mungu kweli kweli. Jumatatu na Alhamisi karibu kiwanda kizima kimefunga.

Mama Sinia alikuwa anapanga kashata ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

— Hata Gerald?

— Hata Gerald.

— Gerald ni mzee wa kanisa, Baba Hanifa, alisema Mama Sinia, ambaye humwita Rahimu kwa jina la mtoto wake.

— Ndiyo uzuri wa mji wetu huu. Tunaigana mambo mema.

Breki akapaliwa na kahawa. Alipopona, Mama Sinia aliuliza kwa upole kuhusu Jumanne. Rahimu akasema Jumanne wengi wanalipa siku za Ramadhani zilizowapita.

— Na Gerald naye analipa?

Rahimu alijibu kwamba hilo hakuuliza, kwa sababu funga ya mtu ni yake na Mungu wake. Hakuna aliyecheka. Tulitazama vikombe vyetu kama watu wanaotafuta kitu kilichozama.

Basi ushauri ukaanza, maana hicho ndicho kinachotukusanya pale. Mzee Naftali alitangulia. Alisema tatizo ni kwamba chai haina kamati. Iundwe Kamati ya Furaha yenye mwenyekiti, katibu na wajumbe, na chini yake kamati ndogo ya tabasamu, itakayopita asubuhi kuangalia nani kaja amenuna na kwa nini. Rahimu alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayefikiria kukubali.

Breki alisema kamati ni mambo ya zamani. Kinachotakiwa ni fulana. Fulana za njano, mgongoni imeandikwa SISI NI FAMILIA, na wimbo wa kiwanda unaopigwa kwa spika kubwa kuanzia asubuhi.

— Mashine ina kelele, hawatausikia, alisema Mama Sinia.

— Spika iwe kubwa kuliko mashine.

— Na aliye kwenye mashine atasikiaje ikianza kugonga vibaya?

— Si wimbo utakuwa umeshamfurahisha, Mama Sinia. Mtu mwenye furaha hasikii kugonga.

Mama Sinia yeye aliona dawa ni tumbo. Kila Ijumaa wachinjwe kuku, wale wa kienyeji hasa, maana mfanyakazi aliyekula paja la kuku wa Singida aende Ikungi kufuata nini. Mzee Naftali akauliza paja atapewa nani na shingo atapewa nani, kwa sababu hapo ndipo ugomvi utakapozaliwa, na hilo pia litahitaji kamati.

Hata Othmani, ambaye huwa hasemi, alisema liwekwe sanduku la maoni. Liwe na kufuli tatu, na funguo zikae kwa watu watatu wasiosalimiana, ili lisifunguliwe kwa hila. Breki akampinga kwamba sanduku la namna hiyo halitafunguliwa kabisa. Othmani akasema ndiyo usalama wenyewe.

Mambo yakazidi kupanda. Breki alitaka kila mtu apewe cheo, asiwepo mdogo wala mkubwa. Anayefagia awe meneja wa sakafu, anayeshona magunia awe meneja wa midomo ya magunia. Mzee Naftali akasema hiyo itamfanya Rahimu awe kiongozi wa mameneja, kwa hiyo jengo la ofisi lipandishwe ghorofa moja. Ikafika mahali Breki akapendekeza aajiriwe afisa maalumu wa kucheka, mtu mwenye kicheko cha kuambukiza, awe anapita katikati ya mashine kila nusu saa. Na kwa unyenyekevu akamtaja mtu anayeifaa kazi hiyo, ambaye kwa sasa anaendesha bodaboda.

Yote hayo Rahimu aliyapokea. Kila tulichosema alikiona kina maana, na kila alipokiona kina maana, nasi tuliona tuna akili. Ndivyo asubuhi zetu zinavyokwenda.

Wakati huo mama mmoja alivuka barabara kutoka upande wa geti. Alikuwa amejifunga kitenge juu ya sweta, na kichwani ana makapi madogo ya alizeti yaliyonaswa kwenye kilemba. Alimpa Mzee Naftali shikamoo, akatusalimia wengine, akaomba kikombe cha kahawa na nafasi ya kukaa. Alisema anaitwa Selina, ametoka Ilongero tangu alfajiri na magunia yake ya alizeti, na sasa yuko kwenye foleni.

— Karibu mama, alisema Rahimu. Kiwanda ni changu. Foleni itakwenda tu.

— Ahsante baba. Ni cha kwako? Basi wewe ndiye utakayenisaidia. Mwaka jana nilipokelewa na kijana mmoja mrefu, alikuwa pale kwenye mzani. Aliniambia alizeti yangu haijakauka, nikaianike kwanza. Nilikasirika siku ile, nauli yangu ilikuwa imekwenda. Lakini nilianika, na mafuta niliyopata nimeyala mpaka mwezi wa nne bila kuharibika. Nimemtafuta leo nimpe mkono. Yuko wapi?

— Paschal, alisema Rahimu. Aliacha kazi.

— Aa. Kwa nini?

Ni neno dogo, na mama yule aliliuliza huku anapuliza kahawa yake. Rahimu akamtazama Mzee Naftali, na Mzee Naftali akalitazama jiwe. Breki aligundua kwamba kioo cha pikipiki yake kina vumbi. Ng'ambo ya barabara mashine ilikuwa inanguruma, na sisi, watu tuliokuwa na dawa ya kila kitu, hatukuwa na jibu la kumpa mgeni.

Si kwamba hatukulijua. Maneno ya ndani ya ukuta ule huvuka barabara siku ile ile. Ilikuwa kwenye chai. Rahimu aliuliza, kama alivyokuwa anauliza kila siku, nani ana neno. Paschal akasimama. Akasema mzigo ulioshushwa jana jioni, baada ya yeye kutoka, una unyevu, na usiingizwe kwenye mashine mpaka uanikwe. Mzigo huo ulikuwa wa shemeji yake Rahimu, na aliyeupokea jioni hiyo bila kuupima alikuwa Rahimu mwenyewe. Rahimu alicheka. Akasema kwa kuwa Paschal analipenda sana jua, basi akasimame juani, na tangu siku hiyo akawa mlinzi wa geti. Wote walicheka, kwa kuwa bosi alikuwa amecheka. Dina peke yake alikuwa anatazama chini. Haikupita wiki, Paschal akaondoka.

Breki ndiye aliyekatika kwanza.

— Nilimbeba mimi mpaka stendi, bosi. Yeye na godoro lake. Alipanda gari la Ikungi.

— Ikungi?

— Kile kiwanda kipya. Yuko kwenye mzani. Nadhani ndiye aliyemwita Dina.

Rahimu aliweka kikombe chini, kwenye kona ya benchi.

— Na ule mzigo wa shemeji yako, alisema Mama Sinia taratibu, ndio mafuta yaliyonuka, Baba Hanifa. Kila mtu mle ndani anajua. Hawakukwambia kwa sababu aliyekwambia waliona alipopelekwa.

— Mbona mnasema hivi leo?

— Subiri, nimalize, maana nikiacha hapa sitarudia. Hakuna mtu anayefunga. Ikifika saa nne wanakwambia wamefunga ili wasikae pale kungoja nani atatajwa leo. Saa nne na nusu wanatoka kwa mlango wa nyuma, wanakula vitumbua vyangu. Wanakula wamesimama, haraka haraka. Gerald huwa ananiomba nimfungie vingine kwenye gazeti. Kufunga huko kulianza wiki ile ile aliyoondoka Paschal. Mimi biashara yangu imekua, nami nilinyamaza.

Mama Selina alikuwa amekishika kikombe chake kwa mikono miwili, anatutazama mmoja mmoja. Aliuliza kwa sauti ya chini kama amesema vibaya. Mzee Naftali alimwambia hapana, mwanangu, umeuliza vizuri.

Rahimu ni mtu mkubwa wa mwili, na alipogeuka kututazama benchi zima lilisikia. Akasema:

— Kwa hiyo mlijua. Kila asubuhi mnakaa hapa na mimi, na mlijua.

— Tulijua, alisema Mzee Naftali.

— Na mzee wangu ukaniambia niunde kamati ya tabasamu.

— Kijana wangu, tulikuwa tunakunywa kahawa yako.

Nilidhani Rahimu atakasirika. Uso wake ulikuwa umeanza kuelekea huko, sote tuliuona, na Breki alishasogea karibu na pikipiki. Lakini alitazama ng'ambo, kwenye geti, mahali ambapo pana kiti kitupu cha mlinzi juani. Alikitazama kile kiti. Halafu akauliza saa ngapi. Othmani akamwambia inakaribia saa nne.

— Nipe birika.

— Lote?

— Lote. Na vikombe.

Othmani alilitoa birika jikoni, akalifunga mpini wake kwa kitambaa ili lisimwunguze, akapanga vikombe kwenye ndoo ndogo. Breki alinyoosha mkono kumsaidia kubeba, Rahimu akakataa. Alivuka barabara birika mkono wa kulia, ndoo mkono wa kushoto, akasukuma geti kwa bega.

Tukabaki na jiko lenye makaa na hakuna kitu juu yake. Mara mashine ikanyamaza.

Sijui kama mnajua ukimya wa kiwanda kikizima ghafla katikati ya msimu. Hata watu wa foleni waliokuwa wamelala juu ya magunia waliinuka. Mama Sinia alisema amewafukuza wote. Mzee Naftali alisema hapana, ni kikao. Mama Selina alitaka kwenda kuondoa magunia yake, tukamwambia asubiri kwanza.

Geti lilipofunguka, alitoka Rahimu peke yake. Hakuja kwenye benchi. Alimwonyesha Breki ishara ya mkono, Breki akawasha, na Rahimu akapanda nyuma bila hata kuuliza bei. Tulisikia neno moja tu, Ikungi, kisha upepo ukachukua mengine.

Aliyekuja kwetu ni Dina. Alikuwa amevaa ovaroli yake yenye madoa ya mafuta, amelibeba lile birika, na lilivyoning'inia mkononi mwake ulijua ni tupu. Alitoa shikamoo, akalikabidhi kwa Othmani.

— Wanaomba jingine, alisema. Gerald kafungulia kabisa.

Mama Sinia alimvuta akaketi. Tukataka kujua. Dina si mtu wa kupamba habari, alitueleza kama mtu anayesoma mita. Rahimu alisimama kwenye mzani, pale pale alipokuwa anasimama Paschal. Akasema alimkosea Paschal mbele yao wote, kwa hiyo anasema mbele yao wote. Mzigo uliharibu mafuta, na mzigo aliupokea yeye. Halafu akauliza nani ana neno.

— Nani alisema? aliuliza Mzee Naftali.

— Hakuna. Tulikaa hivyo mpaka nikaona aibu. Ndipo Gerald akanyoosha kidole kama mtoto shuleni. Akasema kitambaa cha chujio kimechanika tangu Jumatatu, wao wamekuwa wanakikunja upande ili pasionekane.

— Rahimu akasemaje?

Dina alifikiri kidogo, kana kwamba anataka kutuletea maneno yenyewe yalivyokuwa.

— Hakuna aliyekuwa anamtazama Gerald tena. Wote tulikuwa tunamtazama bosi. Akasema, ahsante Gerald. Akauliza kipya kiko wapi, na nani anajua kukifunga. Basi. Watu wawili wakainuka kwenda kukileta. Halafu Gerald akaomba kahawa.

Mama Sinia aliangalia mfuko wa ile ovaroli.

— Na funguo?

— Ninazo. Nimemwambia sizirudishi mchana. Jioni, Paschal akija na kukaa naye wakazungumza, hapo nitajua la kufanya nazo. Asipokuja, Ikungi hakuhami.

Lakini alilisema hilo huku amegeuka, anaitazama foleni, kama fundi anayehesabu kazi ya kesho. Aliuliza magunia yenye kamba nyekundu ni ya nani. Mama Selina akasema ni yake.

— Mama, nimeingiza mkono kwenye moja nilipokuwa natoka. Alizeti bado ina unyevu. Ukiikamua leo utapata mafuta, lakini hayatakaa. Tuna turubai ndani. Jua la leo na la kesho linatosha.

Mama Selina alimtazama muda kidogo. Alikuwa ametoka Ilongero alfajiri, na kulala mjini hakukuwa kwenye mpango wake. Halafu akacheka, akasimama, akajifunga kitenge vizuri.

— Haya. Nipeni hilo turubai. Sasa ndiyo nimefika kiwanda kile kile.

Wakavuka wote wawili. Baadaye kidogo mashine ikaanza tena, na baada yake tukasikia sauti za watu wakibishana ndani, kwa nguvu, mmoja anasema kaza, mwingine anasema hapo umekosea, legeza. Zilikuwa siku nyingi hatujasikia mtu akibisha mle ndani.

Othmani alijaza birika lingine, akalipeleka, akarudi, akapika letu. Safari hii kila mtu alitoa chake mfukoni. Mzee Naftali alikunywa fundo la kwanza, akakaa nalo mdomoni, akalimeza.

— Othmani.

— Naam, mzee.

— Kahawa yako ni nyepesi.

Othmani aligeuka polepole. Mama Sinia aliacha kupanga kashata.

— Tangu lini?

— Tangu mwaka juzi.

Othmani alimtazama mzee, akalitazama birika. Alichuchumaa, akafungua kopo la kahawa, akaongeza kijiko kimoja. Akasita hapo. Akaongeza cha pili.